Fanani Anayejitia Ujinga: Uhakiki wa Mvuto wa Vichekesho vya Watu Mashuhuri katika Televisheni ya Tanzania

Vichekesho vya televisheni vina hadhira kubwa katika maeneo ya Jiji la Dar es Salaam, tangu Mbagala na Tandika upande wa Temeke hadi Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni. Mvuto wake kwa kawaida huelezwa kwa namna mbili zinazopingana: ama ni burudani tupu isiyo na dhamira, ama ni silaha ya mnyonge ya kumshushia hadhi mkubwa. Makala haya yanadai kwamba maelezo yote mawili yanaliruka swali la msingi: mtu mashuhuri anapojitia ujinga mbele ya kamera, anayechekwa hasa ni nani?

Utanzu huu haukuzaliwa na televisheni. Vichekesho vilikuwapo tangu enzi za ukoloni, na baadaye vilipewa nafasi katika maonesho ya vikundi vya utamaduni kama Muungano na Tanzania One Theatre, pamoja na ngoma, kwaya, taarabu na sarakasi. Mmoja wa wahusika wake wakongwe ni mshamba, yaani mgeni wa mjini asiyejua desturi za mji. Televisheni za binafsi zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, mhusika huyo alihamia katika kioo. Kikundi cha Kaole kilijulikana kupitia ITV. Baadaye Ze Comedy ilipata umaarufu EATV, kisha wasanii wake wakahamia TBC1 kwa jina la Ze Orijino Komedi.

Kipimo kinachofaa kuvihakikia vichekesho hivi kimo katika utamaduni wenyewe, nacho ni utani. Wazaramo, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa maeneo haya, wana watani wao, wakiwamo Wanyamwezi. Mtani hufika msibani akaiga mwendo na sauti ya marehemu, akawakejeli wafiwa, wala haruhusiwi kukasirikiwa. Hata hivyo, mtani huyohuyo ana wajibu wa kushika kazi za mazishi, na siku yake ikifika naye atataniwa. Ruhusa ya kudhihaki imefungamana na wajibu pamoja na zamu.

Kwa kipimo hicho, kazi za Ze Comedy hugawanyika. Wasanii walipoiga taarifa ya habari na lafudhi za viongozi, dhihaka ilielekezwa kwa wenye sauti, watu wanaoweza kujibu. Lakini Joti anapovaa gauni na kitambaa akawa bibi kizee, au akajifanya mtoto, sura ya dhihaka hubadilika. Ni kweli kwamba mhusika wa aina hii mara nyingi hupewa ulimi mkali unaowaumbua wanaojiona wajanja, na hapo ndipo penye ustadi wa msanii. Hata hivyo, onesho likiisha, fanani huvua gauni na kurudi katika umashuhuri wake. Bibi halisi wa Tandika hana vazi la kuvua. Ujinga ulioigizwa ni wa kuazima, na aliyeazimwa hakuulizwa.

Amri Athumani, maarufu kwa jina la King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, anaonesha njia nyingine. Katika uigizaji wake alitumia umri wake, uso wake na sauti yake mwenyewe. Mzee aliyepaswa kuwaonya vijana ndiye aliyezidiwa na tamaa, akanaswa na kuaibika. Hata jina lake la kisanii linaamsha methali isemayo majuto ni mjukuu, ila hapa anayejuta ni babu mwenyewe. Katika jamii inayompa mzee heshima kwa sababu ya uzee wake, fanani huyu aliiweka rehani heshima iliyokuwa yake kweli. Hadhira ilimcheka bila kumdharau kwa kuwa ilitambua kwamba gharama ya kicheko aliilipa yeye.

Mhakiki anaweza kuvutwa na nadharia ya kanivali ya Mikhail Bakhtin, ambamo mkubwa na mdogo husawazishwa na kicheko. Lakini Bakhtin alisisitiza kwamba kanivali haina mpaka kati ya mwigizaji na mtazamaji, ilhali televisheni ni mpaka wenyewe: mtazamaji hawezi kumjibu aliye ndani ya kioo. Zamu ya utani hurejea nje ya kioo tu, katika ua wa nyumba ya vyumba vya kupanga, pale wapangaji wanapoyachukua majina na misemo ya wahusika na kutaniana kwayo. Mvuto wa vichekesho hivi unakamilishwa hapo, na hadhira yenyewe.

Kwa hiyo, kuuliza kama mtu mashuhuri amejishusha hakutoshi, kwa kuwa kujishusha kwa muda, kwa malipo na kwa hiari kunaweza kuwa njia nyingine ya kupanda. Uhakiki wa utanzu huu unapaswa kuchunguza kama heshima iliyowekwa rehani ni ya fanani au ya mtu asiyekuwapo. Bila kuuliza hivyo, sifa anayopewa fanani kwa ujasiri wa kujidhihaki inaweza kuwa imelipiwa na mtazamaji wake maskini.