Jiko la Kuni Ndani ya Nyumba Isiyopitisha Upepo

Januari 1998 mvua inayoganda iliangusha nyaya za umeme katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na kuna waliokaa gizani zaidi ya wiki mbili. Mafuta ya kupashia nyumba joto yalikuwamo kwenye matangi, ila kichomeo huwashwa kwa umeme, na pampu ya kuzungusha maji ya moto nayo ni ya umeme. Pampu za joto za siku hizi ndizo kabisa. Kwa hiyo anayejenga huko leo, wakiwamo Wakongo na Warundi waliohamia Portland na Lewiston, bado anashauriwa afunge jiko la kuni la akiba.

Wengi huharibu mambo wakiwa bado dukani. Jiko la vidonge vya mbao halina usumbufu, lakini vidonge husukumwa na mota na moshi hutolewa na feni; umeme ukikatika, nalo limezima. Wengine hununua jiko kubwa kupita kiasi. Nyumba mpya imeshindiliwa sufi ya fibaglasi ukutani na darini, haipotezi joto upesi, basi jiko hilo likikolea sebule haikaliki. Mwenye nyumba anabana hewa, kuni zinafuka badala ya kuwaka, na moshi uliopoa unaacha kreosoti, utando mweusi unaonata, ndani ya dohani. Utando huo siku moja hushika moto.

Mimi ningeanza na dohani kabla ya kuchagua jiko. Fundi hushusha timazi kutoka darini na kutafuta mahali ambapo dohani itapita kati ya boriti mbili bila kukata hata moja. Ikipanda wima ndani ya nyumba hubaki na joto na kuvuta vizuri. Ikitobolewa ukutani na kupandishwa nje hupoa, na asubuhi ya baridi kali hewa nzito iliyomo hushuka na kurudisha moshi sebuleni. Juu ya paa inatakiwa izidi pale inapotokea kwa sentimita 90 au zaidi, tena ipite kwa sentimita 60 chochote kilicho umbali wa meta 3, hata mgongo wa paa lenyewe.

Chini ya dari, bomba la ukuta mmoja hukaa sentimita 45 kutoka kwenye mbao. Kuanzia darini hupokewa na bomba la kuta mbili za chuma kisichoshika kutu, lenye kihami joto katikati, na kulizunguka huachwa sentimita 5 tupu. Tupu kweli. Kuna wanaojaza sufi humo wakidhani wanazuia baridi, kumbe wanaziba hewa inayopoza mbao. Mbao iliyopigwa na joto miaka mingi hubadilika mpaka ikaweza kushika moto kwa joto dogo kuliko ilipokuwa mpya. Kosa kama hilo huenda likakaa misimu kadhaa bila kuonekana.

Kinachosumbua zaidi katika nyumba mpya ni hewa. Jiko linahitaji hewa ya kuunguza, na feni ya kunyonya moshi wa mapishi inaweza kutoa zaidi ya meta za ujazo 10 kwa dakika. Nyumba isiyo na upenyo huifidia kwa kuivuta kupitia dohani, moshi na yote. Kipimo chake ni rahisi: jiko likiwa baridi, funga milango na madirisha, washa feni zote na mashine ya kukausha nguo, kisha sogeza kijiti cha udi kwenye mlango wa jiko uliofunguliwa kidogo. Moshi wa udi ukirudi chumbani, jiko lisiwashwe bado. Bomba la kuleta hewa ya nje moja kwa moja kwenye jiko husaidia, ila si dawa kamili, maana ukifungua mlango kuongeza kuni feni ndiyo inayotawala. Waliosikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wanajua hatari yenyewe; king'ora cha kaboni monoksaidi kiwe cha betri, kwa sababu jiko litatumika hasa umeme usipokuwapo.

Kuni nazo ziwe na unyevu chini ya asilimia 20. Muuzaji akipima sehemu ya nje ya gogo, mwambie alipasue kwanza, apime upande uliofunuka.