Padre Jonathan Swift na Dhihaka Yake

Wengi wa wasomaji wetu walimjua Jonathan Swift tangu utotoni, kwa kitabu cha Safari za Gulliver alichokitia Frederick Johnson katika Kiswahili, kikapigwa chapa mwaka 1932. Nasi tulimjua vivyo hivyo: tuliwacheka watu wale wasiofika kimo cha shibiri, tukafunga kitabu, tukaenda zetu mchezoni.

Miaka mingi baadaye tulikisomesha wenyewe kwa nakala kuukuu. Tulipofika mahali ambapo watakao ukubwa serikalini hucheza juu ya kamba mbele ya mfalme, na arukaye juu pasipo kuanguka ndiye apewaye kazi, darasa zima liliangua kicheko. Tukauliza, "Mwamcheka nani?" Mtoto mmoja akajibu, "Twawacheka wale watu wadogo, Mwalimu." Tukamwuliza kama hajapata kumwona mtu akicheza kamba ile. Akafikiri kidogo, akasema la, hapa kwetu kamba kama hiyo hakuna.

Jibu hilo lilitusumbua, kwa maana Swift alikwisha kuliona mbele. Katika dibaji aliyoitoa mwaka 1704 alieleza kwamba dhihaka haiwachukizi wengi, kwa kuwa kila asomaye hudhani anayesemwa ni mwingine. Mwaka 1725 alimwandikia rafiki yake Alexander Pope ya kuwa nia yake ni kuuudhi ulimwengu, si kuuburudisha. Kitabu kikatoka mwaka 1726, na ulimwengu ukaburudika sana. Katika chapa ya mwaka 1735 alitia barua ambamo Gulliver analalamika ya kwamba miezi sita na zaidi imepita wala hakuna uovu hata mmoja ulioachwa. Ni mzaha, lakini twasikia uchungu ndani yake.

Basi twathubutu kusema kwamba dhihaka yake iliyo mashuhuri ndiyo iliyoshindwa, na ile isiyosomwa leo ndiyo iliyofanya kazi. Maana yetu ni barua za mwaka 1724.

Mwaka 1722 mtu mmoja Mwingereza, William Wood, mwenye viwanda vya chuma, alipata kibali cha kupiga sarafu za shaba, nusu peni na robo peni, zitumike Ireland. Kibali chenyewe kilinunuliwa kwa kimada wa mfalme, na watu wa Ireland hawakuulizwa neno. Swift wakati huo alikuwa mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick mjini Dublin. Hakuishia kuhubiri mimbarani juu ya shaba. Alijifanya mwuza nguo wa mjini, akawaandikia wenye maduka, wakulima na watu wa kawaida kwa maneno ya sokoni: ukienda kununua kitu na fedha ya Bwana Wood, utahitaji gari la kuichukulia. Baada ya barua ya nne serikali ilitoa ahadi ya pauni 300 kwa yeyote atakayemtaja mwandishi. Dublin nzima ilimjua, hakutaja mtu. Mpiga chapa wake, John Harding, alitiwa kifungoni, na mwaka 1725 akafa. (Mara nyingi huyo husahauliwa, nasi twaona si haki, pauni 300 hazikumgusa Padre, bali pingu zilimgusa Harding.) Mwaka huo huo kibali kikafutwa.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Sarafu zile zilikwisha kupimwa na Isaac Newton, mkuu wa nyumba ya kupigia fedha, akaziona ni nzuri. Mwuza nguo alitia chumvi nyingi mno. Je, padre aweza kusema uongo kwa ajili ya haki? Tumelifikiri jambo hili muda mrefu, wala hatuwezi kumwachilia kabisa. Hata hivyo ugomvi wenyewe haukuwa wa shaba, ila wa watu kutwishwa jambo pasipo kuulizwa, na katika hilo hakudanganya. Alificha jina lake mwenyewe, hakulificha la Wood. Wala hakumcheka mnyonge.

Kwa habari ya magazeti sifa yake ni ndogo zaidi. Tangu Novemba 1710 hata Juni 1711 aliandika katika gazeti la The Examiner kwa kuwatetea mawaziri rafiki zake. Mawaziri hao hao walipoyatoza magazeti kodi ya chapa, Agosti 1712, yeye aliyataja kwa mzaha yale yaliyokufa, katika barua zake kwa Esther Johnson. Hapo yeye mwenyewe yu juu ya kamba, akiruka vizuri sana.

Huenda alijijua. Katika sehemu ya tatu ya Safari alitia habari za mji wa Lindalino ulioasi, ukakishinda kisiwa cha mfalme kirukacho angani; nao ni mfano wa wazi wa Dublin na nusu peni za Wood. Wapiga chapa waliogopa, na maneno yale hayakutiwa kitabuni mpaka mwaka 1899. Watu wadogo walitiwa kitabuni tangu mwanzo.

Tutakapolisomesha darasa jingine, hatutaanza na watu wadogo. Tutaanza na mwuza nguo, na sarafu moja ya shaba juu ya meza, kisha tutauliza tena wanacheka nani.