Mpelelezi, Kipaji na Istilahi ya Tofauti za Ubongo

Istilahi hazizaliwi katika vikao vya wataalamu peke yake. Baadhi hufika vikaoni zikiwa zimekwisha kutiwa maana na hadithi ambazo watu huzisoma. Katika makala haya twakusudia kuonyesha jinsi wapelelezi wa riwaya walivyojenga picha ya mtu mwenye kipaji, na jinsi picha hiyo iwezavyo kuiharibu istilahi tunayoihitaji kwa watu ambao ubongo wao hufanya kazi kwa namna isiyokuwa ya walio wengi.

Chimbuko la picha hiyo ni Sherlock Holmes, aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle na kutokea mara ya kwanza mwaka 1887. Ni mpweke, huzama katika jambo moja hadi akasahau kula, na hajali sana hisia za wenziwe. Lakini huona alama ambazo wengine huzipita. Usonji ulielezwa na Leo Kanner mwaka 1943 na Hans Asperger mwaka 1944. Kwa hiyo Conan Doyle hakuwa akimchora mtu mwenye usonji; wasomaji wa baadaye ndio waliomvika Holmes jina hilo. Filamu na michezo ya televisheni ikaikuza dhana hiyo, hata ikaonekana kwamba kila upweke una kipaji kilichojificha nyuma yake.

Je, riwaya zetu zilifuata njia hiyo? Twaona kwamba hazikuifuata. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimpa Bwana Msa kiko na rafiki, Najum, mfano wa Holmes na Watson. Upweke hakumpa. Bwana Msa ni mtu wa watu. Hupata ukweli kwa kuzungumza, kuuliza na kusikiliza. Maiti inapokutwa mzimuni, sababu iko tayari vinywani mwa watu: mzimu umeua. Yeye haikubali mpaka aitafute kazi ya mkono wa binadamu. Naye Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mwandishi mzaliwa wa Kigoma, hushinda kwa ujasiri, hila na mvuto wake. Katika wapelelezi hawa wawili, akili haikununuliwa kwa kutengwa na watu.

Lugha yenyewe huunga mkono jambo hili. Hapa Kibirizi, kwenye mwalo ulio kaskazini ya bandari ya Kigoma, mnunuzi huokota dagaa wachache, akawatazama, akawanusa, akajua kama walianikwa mchangani au chanjani. Kazi hiyo ni ya Holmes hasa, lakini hakuna anayemstaajabia. Huitwa mzoefu, basi. Kiswahili hutenga uzoefu, maarifa, akili na kipaji, na methali yatuonya kwamba akili nyingi huondoa maarifa.

Tatizo huanza tunapomtazama mtoto asiyemkabili mtu kwa macho, anayerudia neno moja kutwa, au anayeziba masikio injini za mitumbwi zikiwashwa. Huyo huitwa zezeta au taahira. Ikigundulika kwamba amehifadhi majina ya mitumbwi yote ya mwalo, walewale waliomdharau husema, “Kumbe ana kipaji!” Heshima yake imerudi, lakini imerudishwa na mitumbwi. Yule mwenziwe asiyehifadhi hata jina moja hubaki zezeta. Hapo ndipo mpelelezi wa riwaya anapotudhuru: hutufundisha kumsamehe mtu tofauti yake kwa sharti kwamba atatushangaza.

Basi istilahi ifaayo ni ipi? Usonji limekwisha kuenea, nalo lafaa libaki kwa hali hiyo moja. Kwa jina la jumla, likusanyalo usonji na hali nyingine, watu huweza kufikiria “tofauti za akili”. Sisi hatuliafiki. Neno akili lina kazi mbili: hutaja nafsi inayofikiri, tena hutaja werevu. Asemaye “hana akili” anatukana, haelezi. “Tofauti za fahamu” nalo lina kasoro, kwa kuwa kupoteza fahamu ni kuzimia. Neno bongo limekwisha kuwa ujanja wa mjini. Linabaki ubongo, ambalo hutaja kiungo cha mwili bila sifa wala tusi. Kwa hiyo twapendekeza “uanuwai wa ubongo” kwa hali ya jumla, na “mwenye ubongo anuwai” kwa mtu.

Kadhalika twaomba watungaji wa kamusi waangalie fasili. Isiwemo kasoro, na isiwemo kipaji. Mfano wa matumizi nao uwe wa kila siku, kama vile: “Mwanafunzi mwenye ubongo anuwai alipewa kiti mbali na kelele.” Sentensi hiyo haimdai mwanafunzi ajuzu lolote zaidi ya kusoma kama wenziwe, na hivyo ndivyo tungependa istilahi yenyewe ieleweke.