Kikaratasi cha Hamza

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Walukuba, hapa Jinja, aliniletea mswada wa riwaya yake, akaniomba nianze na sura ya 11. Ndiyo sura ya chumbani. Wapenzi wawili waliongojeana miaka 3 wamekutana hatimaye katika muzigo, chumba kimoja cha kupanga chenye pazia katikati, na mwandishi akawapa kurasa 6 za mikono, midomo na pumzi. Nilizisoma mara mbili. Viungo niliviona vingi. Watu sikuwaona.

Sikumkemea kwa kuandika mambo ya faragha. Mapenzi ni sehemu ya maisha na riwaya ina haki nayo. Nilimpa Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2020, nikamwambia atafute mahali ambapo mapenzi ya Hamza na Afiya yanaanza. Alirudi baada ya wiki akasema yanaanza wanapolala pamoja. Nami nadhani yanaanza mbali sana nyuma ya hapo, na ufundi wote umo katika umbali huo.

Afiya akiwa mdogo, kaka yake Ilyas alimfundisha kusoma na kuandika, kisha akamrudisha kijijini kwa watu waliokuwa wakimlea, yeye akaenda kujiunga na jeshi la Wajerumani. Mwenye nyumba alipogundua kwamba mtoto wa kike anajua kuandika, alimpiga hadi akamvunja mkono. Afiya akaandika kikaratasi cha kuomba msaada, kikamfikia Khalifa, rafiki wa kaka yake, naye akaja kumchukua. Msomaji anaipita habari hiyo na kuendelea na vita, na maiti, na njaa. Lakini ameshapewa kitu: anajua kwamba maandishi yaliwahi kumvunja Afiya mkono, na maandishi hayohayo yakamwokoa.

Hamza naye anatoka vitani. Alikuwa askari katika jeshi la Wajerumani, akawa mtumishi wa luteni aliyemfundisha lugha yake kwa sababu alitaka aweze kumsoma mshairi Friedrich Schiller. Anarudi pwani na jeraha la nyonga lililompa kilema, anapata kazi kwa mfanyabiashara wa mbao, analala katika chumba kidogo nyumbani kwa Khalifa. Humo ndani yumo Afiya, sasa msichana mzima, na yumo Bi Asha, mke wa Khalifa, mwenye jicho lisilosinzia. Vijana hawa hawana mahali pa kusimama pamoja. Wana mlango tu, na dakika chache za asubuhi zinazoruhusiwa na shughuli za nyumba.

Afiya ndiye anayeomba. Anataka kusikia shairi la hicho Kijerumani. Hamza anachukua mistari 4 ya Schiller, anaigeuza kuwa Kiswahili, anaiandika kwenye kikaratasi, anampa. Na mistari yenyewe inahusu nini? Inahusu mtu aliyetaka kusema neno akashindwa kwa sababu masikio yalikuwa mengi, ikabidi jicho liseme. Gurnah hakuchagua shairi la kusifu shingo na macho kama ya paa. Alichagua shairi linaloeleza nyumba ileile waliyomo. Kwa hiyo Afiya anapokifungua kikaratasi, vitu 3 vinakutana mkononi mwake: mkono uliovunjwa, maandishi, na kuta zenye masikio. Wakija kulala pamoja, mwandishi hahitaji kurasa 6. Msomaji ameshafika kabla yao.

Hapo kwenye masikio ndipo nilipotaka kijana wangu akae sana. Yeye anakaa Walukuba, mtaa uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, na anajua vizuri sana nyumba zinavyopakana. Anajua kikohozi cha jirani, redio ya jirani, mtoto wa jirani anayegonga kuomba kiberiti. Katika sura ya 11 hakuna hata kimoja. Wapenzi wake wanakutana mahali pasipo na ukuta wala jirani, kama wamo kwenye filamu. Ameondoa kila kizuizi, na kizuizi ndicho kilichokuwa kimebeba uzito. Mtu anayeshusha sauti kwa sababu ya jirani tayari anamwambia msomaji anachotaka na anachoogopa.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku kuliko wasomaji wa Unguja au Mombasa. Jinja ni mji wa kambi. Kikosi cha nne cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, kilikaa hapa, na Januari 1964 wanajeshi waliasi hapa hapa. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini, na baada ya miaka ya utawala wa kijeshi wa Idi Amin, kwa masikio mengi ya Uganda Kiswahili kikabaki sauti ya kizuizi cha barabarani: simama, shuka, toa kitambulisho. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, ila sikio halibadilishwi na katiba. Kijana aliniambia nyumbani walimcheka waliposikia anaandika mapenzi kwa Kiswahili. Mapenzi, walimwambia, ni ya Lusoga au Luganda. Kule Mbale wangesema ni ya Lumasaba. Nami nikamwonyesha alichofanya Hamza. Kijerumani kwake kilikuwa lugha ya amri na matusi, lugha ya watu waliomlemaza. Alichukua kutoka humo mistari 4, akaivusha hadi kwenye lugha ya nyumbani, akampa mwanamke. Lugha iliyoamrisha inaweza kubembeleza, mradi mwandishi asifiche ilikotoka.

Kisha tulikaa na kalamu. Kijana alikuwa ameandika "alishika mkono wake" na "alibusu midomo yake". Hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sisi tunasema alimshika mkono, alimbusu mdomoni. Kiswahili kinamshika mtu kwanza, kiungo kinafuata. Ndiyo sababu sikuwaona watu katika zile kurasa: sarufi aliyoazima ilikuwa imewatenga na miili yao.

Nikamwomba azungushie vitenzi vya mwanamke. Alivutwa, alibebwa, alilazwa, alivuliwa. Kurasa 6, na hakuna anachotenda wala anachotaka. Afiya anaomba shairi; kutaka kwake kunatangulia, na msomaji hana shaka kwamba amependa na ameridhia. Sijui njia bora ya kuonyesha ridhaa kuliko kumpa mtu kitenzi chake mwenyewe.

Tatizo la mwisho ni letu sote tunaoandika lugha hii. "Akamvuta, akamtazama, akamshika shingo." Nani kamvuta nani? Kiambishi hakimjui mume wala mke. Wengi hutibu kwa kurudia majina kila sentensi, na chumba kinageuka kituo cha polisi. Mimi namshauri mwandishi autumie ukungu huo. Pale uamuzi unapofanyika, taja jina. Pale wawili wanapokuwa hawajui tena mkono huu ni wa nani, acha viambishi vichanganyike, au tumia kauli ya kutendana: wakatazamana, wakashikana, wakanyamaziana. Kiingereza kinahitaji maneno ya ziada kusema hivyo. Sisi tuna silabi moja.

Na kuna ujasiri wa kutoonyesha kabisa. Katika Desertion ya mwaka 2005, Gurnah anafika ukingoni mwa mapenzi ya Rehana na Mwingereza Martin Pearce, kisha msimulizi, Rashid, anasimamisha hadithi na kukiri kwamba hajui ilikuwaje wale wawili wakafikiana. Wapo wanaoiona hiyo kuwa kukwepa. Mimi naiona kuwa heshima, kwa sababu anakiri kwamba kuna mlango ambao hakupewa ufunguo wake.

Wewe unayeandika Jinja, Mbale au Iganga na una sura yako ya chumbani mezani, usianze na kitanda. Andika kwanza nani yuko upande wa pili wa ukuta, wapenzi wako wanaogopa asikie nini, na nani kati yao aliyetangulia kutaka. Ukishamaliza hayo, soma upya kurasa zako za kitanda, uone ngapi bado unazihitaji.