Mtaa Kama Kipimo cha Historia: Hamu ya Kwao katika Riwaya za Philip Roth

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba magofu yana sauti. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya Pate yaliyoporomoka, akayafanya onyo kwa moyo wake mwenyewe juu ya ulimwengu usiodumu. Utenzi huo haushughuliki na kumsaka aliyeivunja Pate. Unaishughulikia nafsi na mwisho wake. Lakini iko namna nyingine ya kuulilia mji, nayo ni ya mtu anayerudi alikozaliwa akiuliza: ni nani aliyeyatenda haya, kwa sheria ipi, na mimi nilikuwa upande gani? Namna hii ya pili ndiyo ninayokusudia kuichunguza katika riwaya za Philip Roth, Mmarekani wa asili ya Kiyahudi aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji wa Newark, Jimbo la New Jersey, na kufariki mwaka 2018.

Ni rahisi kumhukumu Roth kuwa ni mtu aliyeshindwa kuondoka nyumbani. Kutoka kitabu chake cha kwanza, Goodbye, Columbus (1959), hadi riwaya yake ya mwisho, Nemesis (2010), anarudi tena na tena katika mji uleule, na mara nyingi katika mtaa mmoja, Weequahic. Dai la makala haya ni kwamba hamu hiyo si udhaifu wa hisia, bali ni chombo cha kuipimia historia. Hata hivyo chombo hicho kina upofu wake, nao hudhihirika kila mara jirani mweusi anapoingia katika masimulizi.

Kwanza yafaa tuuelewe mtaa wenyewe. Katika miaka ya 1930 na 1940 wakazi wengi wa Weequahic walikuwa Wayahudi, watoto na wajukuu wa wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki. Shule ya sekondari ya mtaa ilifunguliwa mwaka 1933, na meya wa Newark tangu mwaka huo hadi 1941, Meyer Ellenstein, alikuwa Myahudi. Mtoto aliyekulia hapo aliweza kuamini kuwa mji ulikuwa wake. Lakini sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilikuwa imekwisha kuwafungia mlango jamaa wengi waliobaki Ulaya, na tarehe 11 Septemba 1941, huko Des Moines, rubani mashuhuri Charles Lindbergh aliwataja Wayahudi hadharani miongoni mwa makundi matatu aliyodai kuwa yanaisukuma Marekani vitani. Katika ukinzani huu, baina ya usalama wa mtaa na chuki iliyokuwa nje yake, ndipo ilipochipuka riwaya ya The Plot Against America (2004).

Katika riwaya hiyo Roth anaigeuza historia. Lindbergh anamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa 1940, na msimulizi, mtoto wa miaka saba aitwaye Philip Roth, anatueleza yaliyoipata familia yake. Fani inayotumika hapa inastahili kuangaliwa kwa makini. Mwandishi hatupeleki Ikulu wala katika vyumba vya majemadari. Siasa za dola zinaingia kupitia mlango wa nyumba ya kupanga: kaka anayepelekwa kwa likizo katika shamba la tumbaku huko Kentucky na kurudi akiisifu serikali, binamu aliyekwenda kupigana kupitia Kanada na kurudi akiwa amekatwa mguu, ndoto ya mtoto ambamo stempu zake za mbuga za taifa zimepigwa alama ya Wanazi. Kwa kuwa tumekwisha kukijua kila kitu cha nyumba hiyo, kitu kinapoondolewa twajua kimeondolewa. Hii ndiyo kazi ya hamu ya kwao: hutupa hesabu kamili ya mali kabla ya mwizi kuingia.

Tena, dhuluma katika riwaya hii haianzi na bunduki. Inaanza na barua ya heshima. Serikali inabuni mpango uitwao Homestead 42, unaowahamisha Wayahudi kutoka mitaa yao kwenda mikoa ya mbali kupitia waajiri wao, na uhamisho huo unapewa sura ya zawadi. Herman, baba yake msimulizi na wakala wa bima, anaacha kazi kuliko kukubali, akaenda kufanya kazi ya usiku sokoni kwa nduguye. Jirani wa ghorofa ya chini, mama mjane na mwanawe Seldon, wanahamishwa. Na hapa ndipo mwandishi anapoonyesha ujasiri mkubwa zaidi. Philip mwenyewe ndiye aliyemwendea kisiri mama yake mdogo, mwenye cheo katika mpango huo, kuomba familia ya Seldon iondolewe, kwa sababu mtoto huyo alikuwa akimchosha kwa kumfuatafuata. Machafuko yanapozuka, mama yake Seldon anauawa huko Kentucky. Siasa za mtaani, zenye wivu mdogo na fitina ndogo, zimefungamana na mauaji makubwa. Mwandishi anayeupamba tu utoto wake asingejiandikia hatia ya namna hiyo, tena akiibebesha jina lake mwenyewe.

Kinyume chake, wokovu nao unatokea mtaani. Mahali pa majirani wale Wayahudi wanahamia Waitalia, akina Cucuzza. Serikali ilikuwa imetaka kuuvunja umoja wa mtaa, lakini mwenye nyumba hiyo mpya ndiye anayempelekea Herman bastola wakati wa hatari. Naye Bess, mama yake Philip, anaongea kwa simu na Seldon aliye peke yake mbali sana, akimhimiza ale, na maneno yake ya jikoni yanafanya kazi ambayo dola imeikataa. Msomaji wa Kenya anayekumbuka jinsi baadhi ya majirani walivyofurushana, na wengine walivyofichana, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hatahitaji ufafanuzi.

Sasa tuutazame upofu niliouona. Katika American Pastoral (1997), riwaya iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1998, msimulizi Zuckerman anahudhuria karamu ya wanafunzi wenzake miaka 45 baada ya kumaliza shule, kisha anaibuni hadithi ya Seymour Levov, shujaa wa michezo aliyerithi kiwanda cha glavu cha baba yake. Machafuko ya Newark ya Julai 1967, yaliyoua watu 26, wengi wao weusi, tunayaona kutoka madirishani mwa kiwanda hicho. Ndani yake yumo Vicky, mwanamke mweusi, msimamizi wa wafanyakazi, anayekataa kuondoka na kubandika madirishani matangazo ya kuwa wengi wa wafanyakazi wa kiwanda ni weusi. Anakiokoa kiwanda, lakini hadithi yake haisimuliwi. Alirudi nyumba gani usiku ule? Nani kwao alipotea? Riwaya inayoijua kila hatua ya ushonaji wa glavu haina nafasi ya kutuambia.

Kasoro hii si ya adabu tu, ni ya uhalisi. Kabla ya machafuko hayo idadi kubwa ya wakazi wa Newark ilikuwa imekwisha kuwa ya watu weusi, ilhali polisi na madiwani walikuwa weupe kwa wingi. Mpango wa chuo cha utabibu ulitaka ekari zipatazo 150 katika eneo waliloishi maskini weusi. Barabara kuu ilipasuliwa katikati ya Weequahic yenyewe. Meya Hugh Addonizio alipatikana na hatia ya kupora kwa vitisho mwaka 1970, mwaka ambao Kenneth Gibson alichaguliwa kuwa meya wa kwanza mweusi wa mji huo. Hayo ndiyo majibu ya swali la nani aliyeuvunja mji. Anayelia ni Levov, na machozi yake ni ya kweli, lakini yanamzuia kuyaona majibu hayo. Mtetezi wa Roth atasema kwamba upofu ni wa mhusika, si wa mwandishi. Nakubali kwa kiasi: kejeli dhidi ya Levov ni kali. Lakini kejeli inamvua Levov ndoto yake bila kumpa Vicky sauti.

Ajabu ni kwamba Roth kijana alikuwa amekwisha kuona mbali zaidi. Katika Goodbye, Columbus, mvulana mweusi anakuja kila siku katika maktaba ya mji kutazama picha za Gauguin. Neil, karani Myahudi, anakificha kitabu hicho ili mzungu mmoja mzee asikiazime. Kitendo ni kidogo, na mwishowe hakifaulu, lakini ndani yake watoto wawili wa mji uleule, kila mmoja akiwa na nchi ya ndotoni, wanakutana.

Mnamo Oktoba 2018, miezi mitano baada ya kifo cha Roth, mtu mwenye bunduki aliwaua waumini 11 katika sinagogi mjini Pittsburgh, na wengi wakairudia The Plot Against America kana kwamba ni utabiri. Nadhani huko ni kuipunguza. Utabiri hutuacha tukingoja. Riwaya hii hutuuliza tulimfanyia nini jirani wa ghorofa ya chini.

Mwaka 1969, madiwani wa Newark walipotaka kuinyima fedha maktaba ya mji, Roth aliandika gazetini kuitetea, na hatimaye akairithisha vitabu vyake; tangu 2021 vinatazamwa humo. Leo watoto wa Newark wanaoingia humo wengi ni weusi. Kwa hiyo urithi huo umewafikia wasomaji ambao riwaya zake hazikuwapa nafasi ya kutosha. Nasi tunaohakiki maandishi ya Kiswahili kuhusu Lamu, Mombasa au Unguja tungefanya vyema kuuchukua mfano huu pamoja na kasoro yake. Tunaposoma kilio cha mji wa zamani, tuuorodheshe uzuri wake wote, kisha tuulize ni nani aliyekuwa akiufagia, na kama naye amepewa nafasi ya kuusimulia.