Pongezi kwa Mpiga Gitaa wa Ijumaa Usiku

Baa za Mwihoko, kama zile za Githurai na Ruiru, nyingi hazina jukwaa la kujivunia. Lakini Ijumaa usiku mtu mmoja huketi kwenye kona na gitaa, maikrofoni na kinanda kinachompigia ngoma, akaburudisha ukumbi mzima hadi majogoo. Ndiye mpiga mugithi, muziki wa gitaa wa Wakikuyu, na leo namvulia kofia.

Kazi yake si ndogo. Ataanza na nyimbo za Joseph Kamaru, aliyefariki 2018, aingie kwa John De'Mathew, mwana wa Gatanga aliyekufa kwa ajali ya barabarani huko Thika Agosti 2019. Kisha, bila gitaa kunyamaza, atateleza hadi kwenye wimbo wa kanisani au wa Kenny Rogers, maana Mlima Kenya na muziki wa kantri ni chanda na pete. Kidole gumba kinashika besi, vingine vinadonoa nyuzi nyembamba. Katikati ya ubeti hutaja jina la mteja, na mteja hulipa kwa furaha.

Ikifika saa sita, wachezaji hushikana mabega, msururu ukazunguka meza, ukatoka hadi kwa mchoma nyama na kurudi, babu akimfuata kijana wa bodaboda. Spika hukwaruza, kweli, lakini hakuna anayejali.

Santuri ziliwahifadhi wakongwe. Wapiga mugithi ndio wanaotufanya tuendelee kucheza nyimbo zao. Ukienda, mtunze mpiga gitaa kwanza, ndipo uagize chupa nyingine.