Miaka ya Perege

Sokoni Sikonge samaki hupangwa kwa ukubwa. Kuna mafungu ya dagaa wa Kigoma waliofuata ile njia ya misafara ya Ujiji na Tabora, ambayo tangu 1914 ni njia ya reli. Kuna kambare waliobanikwa. Na siku wakipatikana, kuna perege wabichi. Mnunuzi hutazama unene, muuzaji hutaja bei. Umri hauulizwi. Wanaouuliza nchini ni wachache, na ufundi wao nauheshimu sana.

Urefu peke yake hudanganya. Perege akibanwa kwenye lambo lenye samaki wengi na chakula haba, hudumaa, lakini huzaa hivyo hivyo akiwa hajazidi kiganja. Mwenzake wa mto mpana, wa umri uleule, anaweza kumzidi mbali. Ukiwaweka pamoja utasema huyu mtoto, yule mzazi, kumbe ni wa rika moja. Ukipanga ukubwa wa matundu ya nyavu kwa rula tu, unaweza kuwalinda wazee waliodumaa na kuwamaliza vijana waliokuwa bado wanakua.

Umri wenyewe umo kichwani. Chini ya ubongo samaki ana vijiwe vya chokaa, jozi tatu, vinavyomsaidia kusikia na kujiweka sawa majini. Mtaalamu hufungua fuvu kwa juu, huondoa ubongo, kisha huingiza kibano taratibu, kwa maana kijiwe kikivunjika hapo kazi imeharibika. Kwa perege huchukua kile kikubwa kuliko vyote. Kambare hana magamba ya kusomwa, na hata kijiwe chake kinachofaa ni cha jozi nyingine. Wapo wanaosoma mwiba wa pezi lake la kifuani, lakini tundu la katikati ya mwiba hupanuka kadiri samaki anavyokua, na miaka ya utotoni hufutika. Kijiwe hugandishwa ndani ya gundi ngumu, hukatwa kipande chembamba, husuguliwa kwa msasa laini mpaka mwanga upenye. Kikiwekwa chini ya hadubini, miviringo inaonekana: mipana ya wakati wa neema, myembamba ya wakati wa dhiki.

Nchi za baridi zilitangulia katika kazi hii. Huko Sweden, Hans Hederström alihesabu miviringo kwenye pingili za uti wa mgongo wa samaki mwaka 1759, na baridi kali ndiyo iliyomwekea alama. Sisi hatuna theluji. Lakini Sikonge ina kiangazi, na kiangazi chake si cha mchezo: miezi mitano au sita karibu bila tone la mvua, mto Ugalla ukinywea, samaki wakibanana kwenye madimbwi. Mninga wa miombo huandika kiangazi hicho ndani ya shina lake. Samaki naye anaweza kukiandika.

Nasema anaweza, kwa sababu mviringo si lazima uwe mwaka. Katika miaka ya 1950 D. J. Garrod, aliyefanya kazi na kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki kule Jinja, aliyachunguza magamba ya ngege, jamaa wa perege, wa Ziwa Victoria akaona alama zake zinafuatana na kuzaa, wala hazifuati kalenda. Mama ngege huatamia mayai mdomoni, na mwenye watoto mdomoni hali. Mfungo huo unabaki kwenye gamba. Anayehesabu kila alama kuwa mwaka atamzeesha mama wa watu bure. Dawa yake ni subira: kukusanya samaki kila mwezi, mwaka mzima, na kutazama ukingo wa kijiwe ili kujua mviringo mpya unafungwa mwezi gani, na kama unafungwa mara moja au mbili.

Halafu kuna adabu ya usomaji, na hapa ndipo ufundi huu unaponigusa zaidi. Wasomaji huwa wawili, kila mmoja peke yake, bila kuambiwa urefu wa samaki, maana ukishajua kuwa ni mkubwa jicho litakutafutia miviringo ya ziada. Wakitofautiana husoma upya. Wasipoafikiana, kijiwe huwekwa kando, hata kama kilipatikana kwa taabu.

Uangalifu huo una sababu. Silikanti, samaki wa kale ambaye nyavu za jarife zimekuwa zikimnasa pwani ya Tanga, alidhaniwa kuishi kama miaka 20. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa waliyatazama magamba yake kwa mwanga maalumu, wakaona miviringo myembamba iliyokuwa imepitwa, na makisio yakafika karibu miaka 100. Kumbe hazai mpaka afikie miaka 55 hivi. Dagaa wa Tanganyika yuko upande wa pili kabisa: maisha yake ni kama mwaka mmoja, kwa hiyo kijiwe chake husomwa kwa siku, mviringo mmoja kwa kila usiku na mchana. Kwake, ziwa kupumzishwa uvuvi miezi 3, kama ilivyofanyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ni sehemu kubwa ya umri wake.

Ugalla sasa ina hifadhi ya taifa, iliyotangazwa 2019. Ningependa vijiwe vya perege wa ndani ya mipaka yake visomwe sambamba na vya perege wanaovuliwa nje. Kama nje wanapatikana wa mwaka mmoja na miwili tu, na ndani bado wapo wa miaka mitano na sita, afisa uvuvi wa wilaya atakuwa na la kuwaambia wavuvi, na wavuvi watakuwa na kijiwe cha kumwomba awaonyeshe.